Jina la Mgongoni

Bibi yangu si kiziwi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi ukoo mzima, mimi nikiwamo, tuliamini kwamba ni kiziwi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki, Chatsworth, Durban, tukisubiri dawa zake za presha. Nesi alitoka na faili akaita jina letu la ukoo. Bibi hakugeuka. Nesi akaita tena, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wazee. Bibi alikuwa anatazama ukutani, kwenye picha ya karoti na kabichi, ametulia kama mtu anayesubiri basi ambalo si la saa hii. Nikamgusa kiwiko, ndipo akainuka. Nesi akaniambia, kwa Kiingereza ili Bibi asielewe, kwamba masikio ya mzee yanafaa kupimwa. Nikasema ndiyo, tutapanga. Tulikuwa tunasema hivyo kila mwezi.

Tulipokuwa tunarudi, simu yangu ililia ndani ya mkoba, chini ya khanga, chupa ya maji na mkate. Mimi sikuisikia. Bibi ndiye aliyesema, "Pokea hiyo simu, mama yako atadhani tumekufa."

Nilisimama palepale kwenye robot, yaani taa za barabarani. Taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu, magari yakatupigia honi, nami namtazama bibi yangu kana kwamba ameota mkono wa tatu.

"Umeisikiaje?"

"Kwa masikio," alisema. "Vuka, tutagongwa."

Watu wanaonifahamu husema siwezi kuacha jambo lipite bila kulihoji, na hawasemi hivyo kwa sifa. Nilisoma historia chuo kikuu, na kilichobaki kichwani ni swali moja tu: umejuaje? Nimemuuliza imamu swali hilo, nimemuuliza bosi wangu Pinetown, nimemuuliza kijana mmoja aliyesema ananipenda. Kwa hiyo nashangaa mpaka leo kwamba sikuwahi kujiuliza jinsi mzee kiziwi anavyosikia kifuniko cha sufuria kikianguka nyumba ya pili.

Jina letu la ukoo silitaji hapa. Msomaji akifika mwisho ataelewa kwa nini.

Upande wa mama ni wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, ingawa kwa asili wengi wao ni Wamakua. Karne ya kumi na tisa walikamatwa kupelekwa utumwani, meli za Waingereza zikawanasa baharini, na badala ya kuwarudisha kwao zikawashusha hapa, wafanyie watu kazi kwa mikataba ambayo hakuna aliyewasomea. Baadaye walijenga Bluff, ng'ambo ya bandari. Zamani za ubaguzi waliondolewa wakaletwa Chatsworth, lakini makaburi hayahamishwi kwa lori. Yalibaki Bluff, na mojawapo ni la mwanamke wa kwanza wa ukoo wetu. Bibi humwita Yule wa Kwanza. Hana jiwe, ana kichaka cha maua mekundu na mstari wa kokoto.

Baba yangu ni mtu wa Bukavu, anatengeneza simu kule Point. Kiswahili ninachoandikia ni chake, nikakinyoosha kwa vitabu. Bibi ana chake, cha madrasa. Tukichanganya na Kizulu tunaelewana vizuri, hata tukigombana.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mkuu wa ukoo. Aliendesha kreni bandarini mpaka alipostaafu, na tangu astaafu anainua mambo ya familia. Mwaka jana aliamua Yule wa Kwanza awekewe jiwe. Lisiwe la saruji, alisema. Granaiti nyeusi, jina la ukoo juu kwa herufi kubwa, na chini yake: mke wa Kamanda.

Kamanda ni babu yetu wa kwanza, au ndivyo tulivyoamini. Mjomba alimsimulia kila mazishi na kila harusi: jinsi alivyovunja mnyororo kwa mikono, akampiga nahodha, akamlinda mkewe njia nzima, mpaka Waingereza wenyewe wakamvika medali. Jina letu, alisema, ni jina lake.

"Medali iko wapi, Mjomba?" niliwahi kumuuliza.

"Ilizama."

"Ilizama wapi?"

"Baharini, wewe! Medali huzama wapi kwingine, kwenye chai?"

Nilipokuwa chuo nilikwenda kwenye kumbukumbu za serikali kumtafuta huyo Kamanda. Sikumpata, na sikushangaa. Katika karatasi zile watu wetu wameandikwa kama mizigo: mwanamume mmoja, nguvu nzuri; mwanamke mmoja, nguvu za wastani. Lakini kuna jambo lilinikera. Katika ukoo wetu, wanawake hawaliachi jina hilo wakiolewa. Bibi alilipata kwa mama yake, mama kwa Bibi, mimi kwa mama, na baba yangu akakubali kwa sababu alipoposa aliambiwa hiyo haijadiliwi.

"Kama jina ni la Kamanda," nilimwambia Mjomba, "mbona linapita kwa wanawake?"

"Msomi wangu," alisema, "iko maswali ya chuo, iko maswali ya nyumbani. Hilo ni la chuo. Rudi nalo huko."

Hata hivyo alinipa kazi. Mimi ndiye niliyepaswa kuandika maneno ya jiwe, chini ya jina, mistari michache juu ya mama wa ukoo. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ilikuwa mara ya kwanza shahada yangu kuombwa na mtu wa familia.

Siku Mjomba alipotangaza habari ya jiwe, sebuleni, wote walipiga vigelegele isipokuwa Bibi. Yeye aliondoka akaenda jikoni, akaanza kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Nilimfuata.

"Hufurahi, Bibi?"

"Amelala kimya muda wote huo," alisema. "Mnamtakia nini makelele?"

"Si makelele. Ni jina lake."

Aligeuka akanitazama. Nilidhani anataka kusema kitu. Alichosema ni kwamba nimekonda.

Nilikwenda kusukwa Point, Jumamosi. Saluni yenyewe ni ya Wakongo, chini ya jengo la zamani ambalo ngazi zake zinanuka chumvi. Msusi wangu ni dada wa Uvira ambaye huita wateja kwa majina ya ukoo kama mwalimu wa shule.

Akapaza sauti, akaniita. "Njoo ukae, kiti iko bure!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri na mfuko wa vitenge miguuni akaangua kicheko. Alikuwa mtu mzima, mnene, na hina ya zamani kuchani.

"Mama wee! Nani mwenye jina hilo humu?"

"Mimi," nilisema, nikiketi kitini.

"Wewe? Na mwili huo?" Akanipima kwa macho kuanzia viatu. "Haya. Mimi nilifikiri kuna mtoto anatambaa, nisije nikamkanyaga."

Saluni ilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia ni jina la ukoo, jina la babu yetu aliyekuja na meli, na kwamba alikuwa kamanda.

"Kamanda!" Akajipiga paja. "Kamanda wa nepi!"

Hapo hata msusi aliacha kuchana. Nilimuuliza mama yule, kwa ukali ambao sasa naujutia kidogo, yeye amejuaje.

"Nimejuaje? Mimi Mmakua wa Masasi, baba na mama, hakuna kipande cha kuazima. Hilo ni jina la mgongoni. Binti akiwa bado anabebwa, ndivyo anavyoitwa. Akikua akachezwa unyago, anaingia ndani na jina hilo, anatoka na jingine. Lile la kwanza linakufa. Ukimwita nalo tena umemtukana, anakudai kuku. Na ukimwita nalo mwenye wajukuu mbele za watu..." Akatikisa kichwa. "Hapo kuku hatoshi."

"Haliwezi kuwa la mwanamume?"

"Mwanamume gani? Ni la kike hilo. Kwetu linajulikana kama chumvi."

Nilimuuliza kijiji. Nilimuuliza kama sehemu nyingine huenda linatumika tofauti. Nilimuuliza kama pengine zamani lilikuwa na maana ya cheo.

"Dada," alisema, "nimekuja kusukwa. Sikuja kuhojiwa na uhamiaji."

Lakini hakuwa mtu mbaya. Akatoa simu akampigia dada yake Masasi, akaweka spika, na baada ya salamu ndefu akamwambia: nipo hapa na msichana mkubwa, mrefu kama mlingoti, nikuambie anaitwaje? Akalitaja. Upande wa pili kikalipuka kicheko, na nyuma yake kicheko cha pili cha mtu mwingine aliyekuwa chumbani. Yule dada akauliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Hana ndugu wa kumcheza?"

Nilibaki kitini. Msusi aliendelea kusuka, akamaliza upande mmoja.

Sikuwaza kwanza juu ya Kamanda. Kamanda alikuwa amekwisha anguka, na kwa kweli sikuwahi kumwamini. Kilichonipiga kilikuja nyuma yake. Mtu mmoja bandarini, mwenye kalamu, alimuuliza Yule wa Kwanza: jina lako nani? Naye akajibu. Mwanamke mzima angejibu jina lake la utu uzima. Angetaja lile alilotoka nalo unyagoni. Yeye alitaja la mgongoni, na kwa nini alitaje hilo kama alikuwa na jingine?

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwona akishuka melini na kilemba, na kifua, na mume mbele yake. Niliandika insha juu yake chuoni. Nilimwita mwanamke mwanzilishi. Sasa kichwani mwangu alikuwa anashuka tena na hakufika kiunoni kwa mtu yeyote. Alikuwa na meno ya kitoto. Na kama mama yake angekuwa kando yake, pale kwenye kalamu mama ndiye angeulizwa. Hakuna aliyekuwa kando yake.

Nilijua kabisa kwamba haya ni makisio. Mwalimu wangu angeandika pembeni kwa wino mwekundu: ushahidi? Lakini nilikumbuka benchi la kliniki, picha ya kabichi, na uso wa Bibi uliotulia vile, na nikasimama.

"We! Unaenda wapi?" msusi alipiga kelele. "Upande mumoja bado!"

Nilipanda teksi na kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama juu. Watu walinitazama. Sikujali, na mimi ni mtu anayejali sana.

Bibi alikuwa jikoni anachambua mbaazi. Alinitazama kichwani.

"Nani amekukimbiza?"

Nikamwambia. Nilimweleza saluni, na mwanamke wa Masasi, na kicheko kwenye simu. Aliendelea kuchambua, mbovu huku, nzima kule. Nilipomaliza alisema neno moja.

"Umechezwa?"

"Bibi, unajua sijachezwa."

"Basi sina la kukuambia."

Binamu zangu walipowekwa ndani, mimi nilikataa. Nilisema siwezi kuapa kutunza siri kabla sijaambiwa siri yenyewe ni nini. Mpaka leo naona hoja ile haina kasoro. Mama alilia, na mlango ukafungwa nikiwa upande wa nje. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mlango uleule.

Bibi ana sifa moja inayojulikana mtaa mzima: kurusha ndala. Hakosei. Hata paka wa jirani anaheshimu uzio wetu.

"Sawa," nilisema. "Wewe usiseme. Nitasema mimi. Vua ndala, uishike. Nikisema uongo, nirushie."

Nilidhani atanifukuza. Aliinama polepole, akavua, akaishika mkononi juu ya sinia la mbaazi.

"Hakukuwa na Kamanda," nilisema.

Ndala haikutikisika.

"Jina letu si la mwanamume."

Friji ilinguruma ikanyamaza.

"Ni jina lake mwenyewe. La kabla hajachezwa. Alifika nalo hapa kwa sababu alikuwa mtoto, na alikuja peke yake."

Nilimtazama mkono. Ulikuwa umeshika ndala ile kwa nguvu hadi mishipa ikasimama, lakini haukuinuka. Nilitaka uinuke. Sijawahi katika maisha yangu kutaka kukosea kama nilivyotaka wakati ule.

"Wanawake wa Bluff walimcheza baadaye, walipompata," nilisema. "Wakampa jina jingine. Wewe unalijua."

Aliniangalia usoni.

"Na utaniambia."

Ndala ilinipata begani.

Nilipoiokota nilikuwa nacheka na kulia pamoja, jambo ambalo sipendi kuliona kwa watu wengine. Nikaketi kwenye kigoda karibu naye.

"Kliniki unasikia," nilisema.

"Nasikia. Mimi ni mama wa watu, bibi wa watu. Yule binti anasimama mlangoni ananiita vile mbele ya wanaume wenye kikohozi. Nitainukaje?"

"Miaka yote hii, Bibi! Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nesi?"

"Mjomba."

"Mwanamume!" Alinishangaa kana kwamba nimependekeza amwambie paka. "Na wewe hujachezwa. Na mama yako anajua, lakini ameapa kama nilivyoapa." Akarudi kwenye mbaazi, akaharibu mpangilio wake, nzima akatupa kwa mbovu. "Jina likiwa kwenye karatasi za serikali, ni la serikali, waite tu. Lakini sasa mnataka kumwandikia juu ya kichwa chake. Kwenye jiwe, lisitoke. Kila apitaye amwite. Mimi siko mbali na kwenda huko. Nikifika ataniuliza: ulikuwapo, wakati wananifanyia vile? Nitajibu nini? Kwamba nilikuwa naosha sufuria?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mama yangu anajua. Alikuwa amekaa sebuleni siku ile akipiga vigelegele pamoja na wote, na macho yake, nikikumbuka sasa, yalikuwa kwenye mlango wa jikoni.

Mjomba alikuwa kwa mchonga mawe, Pinetown. Nilimkuta uani, katikati ya mawe yasiyo na maandishi, ameweka mkono juu ya letu kama mtu anayeonyesha gari jipya. Nilikuwa nimechelewa na maneno yangu, naye hakuwa na subira. Jina lilikuwa limekwisha kuchongwa, kubwa, limejazwa rangi ya dhahabu, na chini yake: mke wa Kamanda. Nafasi ya mistari yangu ilikuwa imeachwa tupu.

Nilimwambia palepale. Sikuwa nimeapa kutunza siri yoyote, kwa hiyo sikuvunja kiapo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha, "Umejuaje?"

"Mjomba..."

"Hapana. Tangu uanze shule unaniuliza hivyo mbele za watu. Leo ni zamu yangu. Ushahidi uko wapi?"

"Mwanamke wa Masasi alisema. Na dada yake. Na Bibi..."

"Bibi amesema?"

"Hakusema moja kwa moja."

"Alifanya nini?"

"Hakurusha ndala."

Mchonga mawe, aliyekuwa anajifanya haelewi, alizima mashine yake asikie vizuri.

"Eish," alisema Mjomba. "Shahada yote ile. Ushahidi wako ni ndala ambayo haikurushwa."

Hakuwa na kosa. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Nikamwambia basi asiniamini mimi. Aende nyumbani akamwite mama yake kwa jina la ukoo. Mara moja tu. Alinitazama kwa hasira, na nikaona kwamba katika maisha yake yote hajawahi kufanya hivyo. Nani humwita mama yake kwa jina la ukoo?

Aliendesha gari bila kuwasha redio. Alisimama mlangoni mwa jikoni. Bibi alikuwa ametupa mgongo, anakatakata kitunguu. Mjomba alivuta pumzi, akaliita jina letu, kwa sauti ya kreni, sauti ya kuita watu upande wa pili wa gati. Vyombo vilitikisika kwenye rafu. Kisu kiliendelea, taratibu, bila kuruka mdundo.

Kisha akanong'ona, karibu nisisikie mimi niliyekuwa kando yake: "Mama."

"Nini?" alisema Bibi, bila kugeuka.

"Ulinisikia nilipoita mara ya kwanza?"

"Nimesikia mtu anamwita mtoto. Humu hakuna mtoto."

Mjomba alirudi nyuma akakaa kwenye ngazi ya uani. Nilikaa naye. Nilikuwa nimejiandaa kushinda, nina hoja zaidi, na sikuhitaji hata moja.

"Nimemzika baba yangu na hadithi ya Kamanda," alisema. "Nimewalea watoto kwayo. Mtu akinidharau kazini nilikuwa nasema moyoni, hujui mimi wa nani." Akanigeukia. "Kwa hiyo alishuka peke yake?"

"Nadhani hivyo."

"Mkubwa kiasi gani?"

Sijui, na hakuna karatasi inayosema. Mkono wake ulikuwa unapima hewani. Kwanza ulisimama usawa wa meza. Halafu ukashuka kidogo. Halafu ukashuka tena, ukabaki pale. Huyu ni mtu aliyeshusha makontena miaka yote kwenye bandari ileile.

Hoja ya kwanza ya Mjomba ilikuwa tulilaze jiwe kifudifudi, maandishi yatazame udongo. Bibi alipoisikia alishika kichwa. "Sasa ndio mnamwita sikioni!" Basi Mjomba akarudi Pinetown, akamwambia mchonga mawe alisage jina mpaka liishe. Mchonga mawe akasema jiwe litabaki jembamba. Mjomba akasema litabaki jembamba.

Tulilipeleka Bluff siku ya mawingu, harufu ya mafuta ya meli ikipanda kutoka bandarini. Jiwe lilikuwa jeusi, laini, halina hata nukta. Ile mistari yangu sikuiandika. Nilikuwa nimejaribu, na kila nilichoandika kilimwita kitu ambacho sikuwa na haki ya kumwita. Baada ya dua, Bibi alisema, bila kumtazama mtu, kwamba waliochezwa wabaki na wengine wasogee.

Nilidhani maneno yale ni ya wanaume. Nikabaki. Mama yangu akanigusa mkono taratibu, akanigeuza. Nikaenda kusimama na Mjomba na wanaume wengine chini, kwenye uzio, mimi mwanamke pekee, na kila mmoja wao akiwa na adabu ya kutonitazama.

Bibi aliinama juu ya jiwe, mama na binamu zangu wakamzunguka. Niliona midomo yake ikifumbuka na kufumba. Alisema kitu kifupi. Wale wengine wakakirudia pamoja. Nilikaza masikio, naapa, kuliko nilivyowahi kuyakaza darasani, na upepo wa bahari ukachukua kila kitu.

"Umesikia?" Mjomba aliniuliza.

"Hapana."

"Hata mimi," alisema, na akaonekana kuridhika.

Bado nauliza maswali. Bado najua kwamba kicheko cha wanawake wawili wa Masasi na ndala ya bibi yangu haviwezi kuandikwa chini ya ukurasa kama marejeo. Nimeliandika neno "mwanzilishi" mara nyingi katika karatasi zangu za chuo, na sasa nikiliona naona mkono wa Mjomba hewani, nalazimika kufunga kompyuta.

Mwezi uliofuata tulikuwa tena kwenye benchi. Karoti na kabichi zilikuwa mahali pake. Nesi alitoka na faili, akaita. Bibi alitazama ukuta. Mimi, niliyekuwa nainuka kila mara na kumgusa kiwiko, nilijikuta siwezi. Nesi akaita tena, akitutazama sisi wawili, akidhani pengine ugonjwa umeingia kwenye ukoo.

Bibi akanisukuma kwa bega.

"Inuka."

"Wewe ndiye unayeitwa, Bibi," nilinong'ona. "Na sitaki uitwe hivyo."

"Mimi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisha kwa huruma iliyonichoma kuliko ndala. "Mimi nilichezwa zamani, mwanangu. Hilo bado ni lako. Nenda ukaitike."

Nikainuka mbele ya watu wote, nikaitika.